Tamthilia za mimba za wanafunzi: je, binti wa miaka 13 aruhusiwe kuzitazama?

"Daktari, binti yangu ana miaka 13 na mdogo wake wa kiume ana miaka 10. Kila jioni wanakaa mbele ya televisheni kutazama tamthilia ya msichana wa shule aliyepata mimba. Darasani kwa binti wote wanaizungumzia. Kuna kubusiana, kuna mambo ya kitandani, na juzi msichana huyo alijifungia chumbani anywe dawa za kutoa mimba. Mimi huchukua rimoti nikabadilisha, lakini nimegundua binti anamalizia kwenye simu usiku. Baba yao anasema nizime kabisa, tunawafumbua watoto macho kabla ya wakati. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu, anasema niwaache waone ili waogope. Nimsikilize nani? Tamthilia za aina hii zinawafaa watoto wa umri huu?"

Dada, nimeisoma barua yako mara mbili. Ndani yake naona maswali mawili, la mtoto wa miaka 10 na la binti wa miaka 13, na majibu yake hayafanani.

La mdogo ni jepesi, tulimalize kwanza. Huyu asiitazame bado. Hataharibika kwa kuona watu wakibusiana, lakini tamthilia ya mfululizo huonyesha tendo leo na matokeo yake wiki kadhaa baadaye, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo inavyomuwia vigumu kuunganisha mambo mawili yaliyoachana kiasi hicho. Anabaki na vipande: kitanda, muziki mtamu, kilio. Funzo ambalo mwandishi amelipanga lije mwishoni halimfikii. Na ile habari ya msichana kujifungia na dawa inaweza kumkosesha usingizi bila kumfundisha lolote. Mtafutie jambo jingine la kufanya saa hiyo, lisionekane kama adhabu. Ila akiuliza mtoto huingiaje tumboni, mjibu ukweli kwa maneno machache. Wavulana huanza kubalehe kati ya miaka 9 na 14, kwa hiyo swali hilo halijaja mapema mno.

Kwa binti jibu langu ni ndiyo, anaweza kuitazama, kwa sharti kwamba mnaitazama pamoja na wewe unamjazia yale ambayo tamthilia imeyaruka. Sharti hilo ndilo lenye uzito, na nitalieleza kwa kirefu. Kwanza niwajibu wawili wanaokuvuta huku na huku, maana kila mmoja ameshika kipande cha kweli.

Hofu ya baba yao naiheshimu, kwa sababu si ya kubuni. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana kwa miaka mitatu. Waliokuwa wakitazama mambo ya ngono kwa wingi kwenye televisheni walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata mimba au kumpa mwenzao mimba, ukiwalinganisha na waliotazama kidogo. Hiyo si tofauti ya kupuuza. Lakini fikiria ni kijana gani anayetazama vipindi hivyo kwa wingi. Mara nyingi ni yule asiye na mtu mzima nyumbani jioni, mwenye marafiki waliomzidi umri, au ambaye mambo hayo yameshaanza kumvutia kabla hajawasha televisheni. Mwaka 2011 wanasaikolojia Laurence Steinberg na Kathryn Monahan walichukua data za utafiti mwingine wa aina hiyo wakazipima upya, safari hii wakilinganisha vijana waliokuwa wakifanana tangu mwanzo. Hawakuona tena kwamba kutazama kunaharakisha kuanza ngono. Mimi sichukulii hapo kwamba televisheni haina nguvu. Ninachokiona ni kwamba nguvu yake hutegemea imemkuta kijana katika hali gani.

Na kuhusu kufumbuliwa macho: wazazi wengi huamini kwamba kulitaja jambo ni kumtuma mtoto akalifanye. Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingi. Mwongozo wa elimu ya jinsia uliotolewa mwaka 2018 na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, baada ya kupitia tafiti hizo, unasema wazi kwamba kuwafundisha vijana kuhusu ngono hakuwaongezei kuifanya, na kwamba mafundisho mazuri husaidia kuichelewesha. Kwa hiyo mwambie baba yao kwa upole kwamba mazungumzo si hatari. Hatari ni picha zinazoingia bila mazungumzo, na hizo binti anazo tayari, kwenye simu, usiku, peke yake.

Mdogo wako naye anasema waone waogope. Hilo pia lina ushahidi wake. Mwaka 2009 kituo cha MTV cha Marekani kilianza kuonyesha kipindi cha wasichana halisi waliopata mimba wakiwa na miaka 16, si waigizaji. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine walikadiria kwamba katika miezi 18 ya mwanzo kipindi hicho kilipunguza uzazi wa vijana nchini humo kwa asilimia 4.3. Wachumi wengine wamepinga namna walivyofanya hesabu zao, na mjadala huo haukwisha. Lakini tazama hili. Mwaka 2014 Nicole Martins na Robin Jensen waliwauliza wanafunzi wa sekondari wanaotazama vipindi vya aina hiyo wanamwonaje mama wa umri wao. Waliotazama zaidi ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba mama huyo anaishi vizuri, ana kipato kizuri, na baba wa mtoto yupo karibu naye.

Inakuwaje kipindi cha kutisha kimfanye mtazamaji atamani? Hapa ndipo panapohitaji utulivu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba mtoto hujifunza kwa kumtazama mtu mwingine na kuangalia yanayompata. Akizawadiwa, naiga, akiumia, najihadhari. Tatizo ni kwamba zawadi anayoiona mtoto huenda siyo unayoiona wewe. Wewe unaona msichana aliyefukuzwa nyumbani analia. Binti yako anaona msichana wa umri wake ambaye kamera haimwachi, ambaye kila mtu anajadili maisha yake, aliyependwa na mvulana mzuri kuliko wote shuleni, na ambaye mama yake mkali mwishowe anamkumbatia huku wote wakibubujikwa na machozi. Kwa mtoto wa miaka 13 anayejiona haonekani na yeyote, kuonekana hivyo ni zawadi kubwa, na machozi ni gharama ndogo.

Woga nao una kasoro yake. Mwenye woga asiye na njia ya kutokea hufumba macho. Aliyetishwa bila kuelezwa afanye nini, siku hedhi ikichelewa atajificha. Yule msichana wa kwenye tamthilia aliyejifungia chumbani na dawa hakukosa woga. Woga ndio uliomfungia mlango.

Waandishi wazuri wanalijua hili. Miguel Sabido, aliyetengeneza tamthilia za televisheni za kuelimisha nchini Mexico katika miaka ya 1970 akitumia mawazo ya Bandura, hakuridhika na mhusika mwema na mhusika mbaya. Aliweka na wa tatu, anayeyumba katikati: anataka kufanya vyema, anateleza, anajifunza, anabadilika. Huyo ndiye ambaye mtazamaji humfuata. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulioanza Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa wa kuchukiza. Aliyewagusa wengi ni mkewe Tunu, ambaye alichukua muda mrefu kufika mahali pa kusema basi. Kwa hiyo unapoipima tamthilia ya binti yako, usihesabu mabusu. Tafuta kama yumo mtu anayeyumba, anayeomba msaada akaupata, na ambaye tunaonyeshwa hatua kwa hatua alivyofanya.

Sasa nije kwenye kile kinachorukwa. Angalia namna matukio yanavyokatwa. Wawili wanabusiana, taa inazimwa, na picha inayofuata msichana anatapika asubuhi. Kati ya picha hizo mbili yamepotea mambo yote ambayo binti anahitaji kuyajua.

Yamepotea maneno. Nani alimwomba nani? Alisema ndiyo, au alinyamaza tu? Katika tamthilia nyingi mvulana anakataliwa mara tatu, ya nne anakubaliwa, na ung'ang'anizi wake unaitwa mapenzi. Hili kwangu ni baya kuliko kitanda chenyewe, kwa kuwa linamfundisha binti kwamba hapana yake ni ya kupita tu, na linamfundisha mvulana hivyohivyo. Imepotea kondomu, ambayo haikutajwa kabla wala baada. Na mara nyingi anapotea mwanamume: sehemu ya tatu tu tangu habari ya mimba itoke hayupo tena kwenye hadithi, kana kwamba mtoto alijipachika mwenyewe. Mwulize binti yako yuko wapi. Siku mdogo wake wa kiume akifika umri huo, mwulizeni na yeye.

Yamepotea pia yanayotokea mwilini, na hapa hadithi hupotosha kabisa. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, wakati yai huishi kama siku moja tu; ndiyo maana mimba inaweza kutunga kwa tendo lililofanyika siku kadhaa kabla yai halijatoka. Inaweza kutunga mara ya kwanza kabisa. Inaweza kutunga hata kabla msichana hajawahi kuona hedhi, kwa sababu yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu kuja. Likisharutubishwa, yai huchukua siku 6 hadi 12 kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, na hapo ndipo mwili unapoanza kutoa homoni ambayo kipimo cha mkojo huitafuta. Kipimo kikifanywa mapema mno hudanganya. Huaminika kuanzia siku hedhi ilipotarajiwa ikakosekana. Kichefuchefu huja baadaye, mara nyingi karibu na wiki ya sita tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wapo wasiokipata kabisa. Msichana aliyejifunza mimba kwenye televisheni husubiri kutapika. Asipotapika anajihesabu salama, miezi inakatika.

Na inapotea miezi tisa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wasichana wenye miaka 10 hadi 19 wanaobeba mimba wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Matatizo ya mimba na uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Haya usiyatumie kumtishia. Mwambie kama unavyomweleza mtu unayemheshimu.

Hapo ndipo rimoti yako inaponisumbua, dada, na nakuambia hili kwa upendo. Unapobadilisha chaneli busu linapoanza, binti hakosi kujua kilichofuata; anakiona usiku. Anachojifunza kwako ni kwamba jambo hili mama hawezi kulitazama, basi hataweza kulisikia. Na ile sehemu ya dawa uliyoikatiza ndiyo ningependa muirudie kuliko zote. Mwambie wazi kwamba dawa za kutoa mimba zinazonywewa kwa siri, bila kujua ni za nini na kwa kiasi gani, huweza kuua kwa kutoka damu nyingi au kwa maambukizi, na kwamba yeyote aliyefanya hivyo akatokwa na damu nyingi, homa au maumivu makali apelekwe hospitali saa hiyohiyo na kusema kweli alichokunywa. Kisha mwambie hili, kwa maneno yako mwenyewe: "Siku ukipatwa na jambo lolote, hata kama ni kosa lako, njoo kwangu kwanza. Nitakasirika, lakini nitakusaidia." Usimwahidi kwamba hutakasirika, kwa kuwa hatakuamini.

Utaanzaje? Tazama sehemu mbili ukiwa peke yako kwanza, usishtukie mambo mbele yake. Halafu kaa naye. Usisimamishe picha kila dakika ukahutubia. Uliza swali moja au mawili baadaye, mkiwa mnafanya kazi nyingine, macho yenu hayakutani. Uliza kuhusu mhusika, usiulize kuhusu yeye. "Kwa nini unafikiri hakumwambia mama yake?" "Angetaka kuondoka pale chumbani, angesemaje?" Kijana husema mengi ya kwake akimsemea mtu wa kwenye hadithi. Kitu kimoja tu ukiepuke, sentensi ya "umeona, ndiyo yatakayokupata." Ukishaisema, yeye hutafuta namna ya kujitetea, na mazungumzo yamekufa.

Na usidhani lazima uwe fundi wa maneno. Mwaka 2001 sehemu moja ya kipindi cha vichekesho cha Marekani kiitwacho Friends ilihusu mimba iliyopatikana ingawa kondomu ilitumika. Watafiti waliwahoji vijana wa miaka 12 hadi 17 walioitazama. Waliozungumza na mtu mzima kuhusu kondomu kwa sababu ya kipindi hicho walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kusema wamejifunza jipya. Hakuna aliyewaandaa wale watu wazima. Walizungumza tu. Kama wewe unaona haya kupita kiasi, mama yao mdogo ni mwalimu. Mpe kazi hiyo badala ya kazi ya kutisha, na mwambie binti kwamba umeridhia.

Zipo tamthilia za kukataa moja kwa moja, hata kama darasa zima linazitazama. Kataa iliyowekewa alama ya miaka 18. Kataa inayoonyesha kulazimishwa kisha ikakuita huko mapenzi, na ile ambayo miili imewekwa ili kuwasha tamaa huku hadithi ikiwa kisingizio. Ukikataa, toa sababu na uitaje tamthilia kwa jina. "Hii hapana, kwa sababu yule kijana alimbaka na wanataka tumpende" ni katazo ambalo mtoto wa miaka 13 analielewa. Katazo la jumla, la kila kitu, humpeleka moja kwa moja kwenye simu. Na simu yenyewe iondoke chumbani usiku, kwa kila mtu nyumbani, wakubwa wakiwemo. Kisingizio kizuri na cha kweli ni usingizi.

Yapo mambo ambayo mazungumzo ya nyumbani hayatoshi, na hapa naomba usisubiri. Mtoto akionyesha kujua undani wa ngono uliozidi umri wake na usiotokana na alichokitazama, akiigiza matendo hayo na watoto wengine, akianza upya kukojoa kitandani, akimkwepa ghafla mtu fulani mzima, au akirudi na zawadi na pesa asizoweza kuzieleza, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha anayehudumia watoto. Vivyo hivyo akilalamika maumivu akikojoa, au akitokwa na uchafu ukeni usio wa kawaida. Na binti aliyezama katika tamthilia hizi hadi anaacha kula, kusoma au kucheza na wenzake, huenda anatazama maisha yake mwenyewe. Muulize bila watu wengine, kisha unyamaze umsikilize.

Ikitokea kwamba ameingiliwa, kwa hiari au kwa nguvu, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku tano, navyo hupungua nguvu kila siku inayopita. Kama alilazimishwa, asioge wala kufua nguo kabla hajaonwa na daktari, lakini kama ameshaoga mpelekeni hivyohivyo. Na kama hedhi imekosekana, apimwe wiki hiyohiyo; akiwa mjamzito, aanze kliniki kabla wiki 12 hazijapita, wewe ukiwa umekaa naye kwenye benchi.

Jioni ya leo, kama bado wanaendelea na ile sehemu ya msichana na dawa, iache ifike mwisho. Kisha mwulize binti angependa nani abishe ule mlango.